Waya wa Shaba Mahali pa Fyuzi

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Naogopa mbwa, naogopa ngazi za chuma, naogopa simu inayolia alfajiri. Lakini hofu niliyokuwa nayo mwaka ule wa kumpeleka mama kusafishwa damu ilikuwa na kitanda chake chumbani mwangu. Figo zake zilikuwa zimekataa kazi. Kila Jumatatu na Alhamisi ilikuwa lazima afike hospitalini Kisumu kabla ya saa tatu asubuhi, alale kando ya mashine, damu yake itolewe, isafishwe, irudishwe. Ukichelewa, mashine hupewa mwingine, na huyo mwingine naye ni mama wa mtu. Daktari alinieleza bila kuzunguka: akikosa mara moja atavimba, akikosa mara mbili mfululizo maji yatapanda kifuani.

Nilimwomba ahamie kwangu, mtaa wa Migosi mjini. Akakataa katakata. Alisema nyumba za kupanga ni za kusikiliza majirani wakigombana, na yeye ana kuku wake kijijini Nyakach. Basi siku za mashine nilikuwa naacha duka langu la mapazia Kondele mikononi mwa mwenzangu wa kazi, naondoka Migosi bado giza, namchukua kijijini kwake karibu na Katito, kisha narudi naye mjini.

Gari lilikuwa la marehemu baba. Kubwa, la juu, aina ile wanayoendesha watu wa miradi ya misaada, na lilikuwa limezeeka zamani kabla hata halijafika Kenya. Katikati ya dashibodi palikuwa na skrini ya redio na ramani. Ramani yenyewe ilikuwa ya Japani tu, kwa hiyo kwa hesabu zake sisi tulikuwa baharini siku zote. Na kila ulipowasha gari, mwanamke fulani alisema maneno ya Kijapani kwa adabu nyingi, kisha akanyamaza.

Mama alimpenda mwanamke huyo. Alimwita nyieka, yaani mke mwenzangu. "Baba yenu alioa ng'ambo, akaona aibu kuniambia, akamficha humu," alikuwa akisema, na kila asubuhi akishapanda alimwamkia kwa Kijaluo kama anavyoamkia wenzake kanisani. Kisha tulianza safari, na mimi nilishika usukani kwa mikono miwili na kunyamaza. Jicho moja barabarani, jingine kwenye kioo, kumtazama uso wake kama umevimba kuliko jana.

Mvua zilipoanza, skrini ikaanza vituko. Gari likiruka shimo inazima, inawaka, na mwanamke anaamkia upya. Wakati mwingine sauti ilipanda yenyewe hadi mwisho, nami nikashtuka hadi siku moja nusura nituingize mtaroni. Mama alicheka. "Leo ana hasira, muulize nani kamuudhi." Mimi sikucheka. Niliendesha polepole hadi Ahero, katikati ya njia.

Jumatano moja nikalipeleka gari Kondele kwa fundi wa umeme wa magari, mzee mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliing'oa skrini, nyaya zikamwagika nje kama matumbo ya kuku. Akaniuliza inazima nikipiga kona au nikiruka shimo. Nikasema shimo. Akashika fungu la nyaya, akalitikisa, skrini ikafa. Akatikisa tena, ikafufuka, mwanamke akasema maneno yake. Fundi akatabasamu, akaniambia anachosema yule, kama kwenye magari mengi ya Japani, ni kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Miaka yote hiyo tulidhani ni salamu.

"Kuna waya umechubuka huku nyuma, unagusa chuma," akasema. "Siufikii mpaka nifungue dashibodi yote. Niachie siku mbili."

Nikamwambia siku mbili sina, kesho ni Alhamisi. Akafunga tepu pale mkono ulipofika, akaweka fyuzi mpya, kisha akainyanyua ile iliyoungua mbele ya macho yangu. "Binti, hiki kitu ni kidogo lakini ndicho askari wako. Kikiungua, wacha kiungue, endesha bila redio. Asije mtu akakuwekea waya hapa, maana huo hauungui, litaungua gari." Nikasema nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia, hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kesho yake nilimweleza mama habari za kadi. Akamjibu mwanamke, "Kadi ninayo mimi, ya hospitali," na akafurahi na mzaha wake njia nzima. Jumatatu iliyofuata akakataa kwenda. Hakugombana. Alikaa kwenye kiti mlangoni akawarushia kuku mahindi, akasema amechoka. Nilibembeleza, nikapiga magoti, nikamtaja baba. Nikarudi Kisumu peke yangu huku nalia.

Alhamisi nilimkuta miguu imejaa hadi ndala haziingii. Alikubali kupanda, labda kwa kunihurumia. Nikawasha gari. Injini ikanguruma, lakini mwanamke hakusema. Skrini nyeusi. Fyuzi ilikuwa imeungua nilipozima gari au pengine njiani, sikujua, maana mimi nikiendesha siijali redio. Mama alingoja kidogo.

"Nyieka yuko wapi?"

"Redio imeharibika, Mama."

"Amenyamaza." Akaanza kufungua mkanda. "Hata yeye amechoka. Nirudishe ndani, nyara."

Nyara ni binti yangu, na alilisema kwa upole ulionitisha kuliko kelele. Hii ingekuwa mara ya pili mfululizo. Nikamwambia ngoja, twende hadi Katito tu, atengenezwe, akisema tuendelee hadi Kisumu, asiposema nakurudisha. Akaurudisha mkanda.

Katito maduka ya vipuri yalikuwa bado yamefungwa. Aliyekuwa amefungua ni jamaa wa kutengeneza redio na simu, kibandani kwake. Fyuzi hakuwa nayo. Akachuna waya kwa meno, akatoa uzi mmoja wa shaba, akauzungusha kwenye miguu ya fyuzi iliyoungua, akairudisha mahali pake. "Itakufikisha Kisumu," akasema. Niliyaona hayo yote kwa macho yangu. Maneno ya fundi yalikuwa masikioni mwangu. Nikanyamaza, kwa sababu skrini iliwaka, mwanamke akadai kadi yake, na mama akasema, "Haya, twende."

Tulikuwa tumeanza kuyaona mashamba ya mpunga ya Ahero nilipoliruka shimo ambalo nalijua vizuri. Sauti ilipanda hadi mwisho, skrini ikawa nyeupe, halafu kimya. Kisha harufu ya plastiki inayoungua. Kisha moshi, kwanza mwembamba kutoka pembeni mwa skrini, halafu mzito kutoka chini, magotini mwangu. Mungu wangu, mama yuko kiti cha nyuma na hawezi kushuka mwenyewe.

Nilisimamisha gari sijui vipi. Nikafungua mlango wa nyuma, kitufe cha mkanda kikanishinda mara mbili. Nikamkumbatia kifuani nikamvuta kama gunia, visigino vyake vikiburuzika kwenye lami. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika mpunga kwenye turubai kando ya barabara alikuja mbio, akamshika upande wa pili, tukamkalisha kwenye kigoda chake. "Zima gari," akaniambia. Nilikuwa nimeliacha linanguruma.

Nikarudi. Nilizima, nikaingiza mkono chini ya usukani penye fyuzi, nikaung'oa ule uzi wa shaba kwa vidole vitupu. Ngozi ya vidole viwili ilibaki juu yake. Moshi ukapungua, ukakatika. Nikatoka, nikakaa kwenye nyasi mbele ya mama, nikaanza kulia kwa sauti, mtu mzima mwenye duka.

"Ni mimi," nikasema. "Fundi alinikataza. Nilijua."

"Kwa nini basi ukakubali?"

"Ulisema bila ile sauti huendi."

Mama alivuta pumzi kwanza. Pumzi zake zilikuwa fupi na nilikuwa nazihesabu. "Tangu tuanze safari hizi hunisemeshi," akasema. "Unanichungulia kiooni kama sufuria ya maziwa iliyo motoni. Aliyekuwa ananisemesha ni yule tu."

"Nikifungua mdomo nitalia."

"Basi si ulie. Unaogopa nini?"

Nilikuwa sijawahi kulitamka, hata kwa mume wangu. "Naogopa utafia mikononi mwangu, Mama. Mle garini, mimi nikiendesha."

Aliitazama barabara. Yule mwenye mpunga alijifanya anageuza mpunga wake. "Jumatatu sikuchoka," mama akasema. "Niliogopa. Yule mama wa kitanda cha dirishani, Alhamisi hakuja. Nilitazama manesi, wakatazama pembeni. Nikakutazama wewe, ukatazama simu. Nikajua siku yangu nayo ikifika mtafanya hivyo hivyo. Ugonjwa ni wangu, lakini mnaoficha ni nyinyi."

Nilikuwa najua habari za yule mama. Nesi alikuwa ameniambia yote kwenye korido, nami nikaamua mama asisikie. Sasa nikasema, "Alifariki, Mama. Siku ya Jumanne, kabla ya Alhamisi ile."

"Alikuwa na nani?"

"Na mwanawe wa mwisho."

"Haya," akasema mama. "Nipandishe gari."

Sikutaka kuliwasha. Nilikaa na ufunguo mkononi, vidole vinawaka moto, nikinusa kila upande. Lakini Kisumu ilikuwa bado mbali na saa haikuwa inanisubiri. Nikaliwasha. Hakuna moshi, hakuna sauti. Tukaondoka, na ikabidi mimi niseme. Nilisema hovyo hovyo, habari za mapazia, habari za mteja aliyerudisha kitambaa baada ya kukifua, na kila nikisita niliogopa kutazama kioo. Mama alinijibu mara moja moja, na kila jibu lilikuwa jembamba kuliko lililotangulia.

Tulifika saa tatu na robo. Mashine yake ilikuwa imeshapewa mtu, mzee mmoja aliyefunika uso kwa kofia. Nilimwambia nesi habari za moto, nikamwonyesha vidole, nikamwonyesha miguu ya mama. Nesi aliitazama miguu ile muda mrefu. Akasema mashine iliyobaki ni moja tu, kisha akatazama pembeni, na mimi na mama tukajua ni ya kitanda kipi.

Mama aliisukuma miguu yake polepole hadi kwenye kitanda cha dirishani. Alikishika pembeni, akapapasa shuka jipya, akapanda. Alikuwa anatetemeka, na mimi nilikuwa natetemeka, na safari hii hakuna aliyejificha. Nesi alipokuwa anatafuta mshipa, mama akanivuta mkono ule mzima.

"Nieleze mwenye kitanda hiki alivyokufa," akasema. "Usiache kitu."

Nikavuta kiti, nikamweleza.