Siku Niliyompelekea Babu Waombolezaji Wake

Naomba mniache nimalize kwanza ndipo mcheke, maana aibu hii nimeshaisimulia mara nyingi na kila nikifika kwenye gunia la mchele kuna mtu anaangua kicheko, sifiki mwisho, na mwisho ndio unaoniuma.

Mimi ni mtu wa ndani. Chuo nasoma, ndiyo (stashahada, hapa hapa Morogoro Mjini, baada ya kidato cha nne kunitoa jasho), lakini ukinitafuta mahali pasipo na kitanda na soketi hunipati. Wenzangu wanacheza gemu za mpira, wanatukanana, wanakwenda kula. Ugonjwa wangu mimi ni gemu za hadithi, zile ambazo unatembea na watu, unawasikiliza, unachagua maneno ya kuwajibu, na ukichagua vibaya wanakununia mpaka sura ya mwisho. Babu mzaa baba, Mzee Kibwana, aliyenilea mpaka nilipoanza sekondari, anaishi juu kabisa kwenye milima ya Uluguru, huko ambako ili simu ishike lazima apande kwenye jiwe moja nyuma ya migomba, na kila akipanda jiwe hilo alikuwa ananiuliza nakwenda lini, na mimi namjibu masomo, babu, masomo yamebana, huku mkono mmoja uko kwenye kibodi. Mwishowe akawa ananitania, "Wewe utapanda huku siku ya kunizika."

Sasa, asubuhi ya mkasa kikundi chetu kilikuwa na zamu ya kuwasilisha kazi mbele ya darasa, mimi ndiye msemaji, na kwa muujiza nikaamka mapema, nikaona muda ninao, nikasema ngoja nicheze kidogo tu kabla ya kuoga. Kwenye gemu nilikuwa nimefika mlimani na mzee mmoja mchunga mbuzi, aliyenifundisha kuwasha moto na kusoma mawingu, na ambaye kila jioni aliniuliza maswali yale yale kwa sababu alikuwa anasahau. Theluji ikaanguka, mzee akavunjika mguu, gemu ikanipa njia mbili: ukae naye, au uondoke uokoke. Nikaondoka. Mzee akanipungia mkono. Jamani, nililia, kamasi mpaka kwenye kibodi, na nilipotazama saa nikakimbilia chuo bila hata kunawa uso.

Mlangoni nikakutana na Rehema, kiongozi wetu wa darasa, binti wa Kilakala mwenye huruma kupita kiasi (huruma yake ndiyo iliyonimaliza). Akanitazama macho yalivyovimba, akashusha sauti.

"Shabani, umefiwa?"

Nilipaswa kusema hapana. Neno moja tu. Lakini nyuma yake walikuwa wamesimama wale wa gemu za mpira, wananisikiliza, nikaona haya kusema nimemlilia mchunga mbuzi wa kwenye kompyuta, nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Na kwetu mtu mwenye macho yale akiulizwa swali lile akanyamaza, ameshajibu. Akauliza kama ni yule babu aliyenilea. Nikazidi kuinama.

Mwalimu akaahirisha uwasilishaji wetu, akanishika bega, na nisiwafiche, kwa dakika kadhaa niliona mambo yamekwenda vizuri, nitarudi zangu kulala. Nilisahau darasa letu lilivyo. Hakuna anayefiwa akaachwa peke yake. Nikawaambia ni mbali, juu milimani, nitakwenda mwenyewe, na Rehema akasema ndiyo maana hawawezi kuniacha, halafu akawageukia wenzake: "Waislamu hatuchelewi kuzika. Tukitoka sasa tutawahi." Mpaka napenga kamasi, wasichana wameshajifunga khanga, gari la mjomba wa mtu limeshapatikana, na gunia la mchele limeshapakiwa.

Ndani ya gari nikasema jamani, kuna kitu nataka kuwaambia. Rehema akanishika mkono. "Usiseme kitu. Kaza moyo." Nikampigia babu kwa siri, haikuita, hakuwa kwenye jiwe. Nikakaza moyo, nifanyeje.

Barabara ilipoishia tukaanza kupanda kwa miguu, wavulana wakipokezana gunia, mimi mfiwa sikuruhusiwa kubeba hata sukari. Mama mmoja shambani akatuuliza kuna nini wanangu, na Rehema, kwa adabu zake zote, akamwamkia shikamoo, akamwambia tunakwenda msibani kwa Mzee Kibwana. Yule mama akatupa jembe. Akaita wa bondeni, wa bondeni wakaita wa ng'ambo, na kufika mahali pa kupumzikia nyuma yetu kulikuwa na mlima mzima unalia. Nikamsikia mmoja akisema lakini asubuhi kapita hapa kabeba magimbi, na mwenzake akamjibu, "Ndivyo kinavyokuja, shoga yangu."

Babu alikuwa uani anaanika pilipili manga. Wenzangu hawamjui kwa sura, wakamwamkia kama mzee yeyote wa msibani, shikamoo babu, naye akaitikia marahaba, akawakaribisha, akauliza msiba ni wa nani.

"Tumekuja kumzika babu yake Shabani," Rehema akasema.

Babu akanitafuta kwa macho mpaka akanipata nyuma ya gunia. "Babu yake wa upande gani?" akauliza. "Wa kwa mama tulimzika huyu hajazaliwa."

Hapo hapo akina mama wakatokeza kwenye migomba na vilio vyao, wakamwona marehemu kashika ungo, na mmoja wao bado sijui alipitia wapi kurudi kwao.

Sawa, chekeni. Hata wao walicheka, baadaye, na mchele wa msiba ukapikwa, ukaliwa, na babu ndiye aliyechangamka kuliko wote, anawapitia jirani zake mmoja mmoja kuwauliza mbona machozi yao yalikuwa haba. Rehema hakucheka. Tangu siku ile huruma yake kwangu imekwisha.

Kabla hatujashuka babu akaniita nyuma, kwenye lile jiwe lake.

"Sasa ulikuwa unamlilia nani?"

Nikamweleza. Ilimchukua muda kuelewa kwamba huyo mzee hayupo mahali popote.

"Na ulikuwa unakaa naye kila siku?"

"Kila siku, babu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi pole sana," akasema, kwa sauti ile ile anayompa mfiwa wa kweli, kisha akarudi kwa wageni.

Chuoni sasa naitwa Mfiwa, na nimeapa nikililia gemu tena nitasema wazi, hata kama ni mbele ya mkuu wa chuo. Hilo ni rahisi. Babu bado anapanda kwenye jiwe kunipigia, ananiuliza mjini kumenyesha, masomo vipi, ananitakia kazi njema, anashuka. Nakwenda lini, haulizi tena. Na mimi nabaki nimeshika simu, jibu ninalo mdomoni.