Kobe na Vidole vya Wifi Yake

Jina la Kobe alipewa na wenye simu mbovu. Miaka tisa alikaa kwenye kibanda cha mbao kilichoegemea ukuta wa kituo cha mafuta, akifungua simu na kuzifunga, na hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Mteja akilalamika, alimjibu bila kuinua jicho: "Ukitaka ya haraka, jirani yangu anayo. Ukitaka ya kudumu, kaa." Wengi walikaa.

Kutengeneza programu za simu alijifunza hapohapo, kwenye simu iliyopasuka kioo ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Chuo hakukanyaga. Alisoma, akajaribu, akakosea, akaandika kosa lake nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akaibandika ukutani. Programu yake ya kwanza ilikuwa ya dobi, ya pili ya mtu anayekodisha viti na mahema. Ya tatu ndiyo iliyompeleka kwa Mzee Nati.

Mzee Nati anauza vipuri vya malori. Ana maduka matatu mjini na ghala moja upande wa pili wa mji. Mteja akifika kaunta anataja namba ya kipuri, ambayo ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu kumi na mbili. Wa kaunta anaiandika kwenye simu, katika programu ya Kobe, ghala linaipata papo hapo, linafunga katoni na kuipeleka moja kwa moja gereji kwa mteja. Dukani hakuna anayekiona kipuri chenyewe. Namba ikikosewa, kosa linafunguliwa na fundi aliyelala chini ya lori, na fundi aliyelala chini ya lori hana lugha nzuri.

Kwenye duka la kwanza, kaunta ilikuwa ya wifi yake Kobe, dada wa mumewe. Kobe mwenyewe ndiye aliyempigia debe. Ni mwanamke mwepesi wa kila kitu: mwepesi wa kucheka, mwepesi wa kununa, na zaidi mwepesi wa vidole. Alichapa kwa vidole gumba viwili huku anamtazama mteja usoni, na mteja akimaliza kutaja namba, yeye ameshaituma.

Kisha, ndani ya wiki mbili, katoni nne zikaenda na vitu visivyo vyake. Moja ilikuwa pampu ya maji ya lori la aina nyingine kabisa, na lori la mteja likakaa juu ya mawe siku nne. Mzee Nati si mtu wa kupiga kelele. Alimwita Kobe ofisini, akamsogezea kiti.

"Fundi, nakuheshimu, ndiyo maana nakuambia wewe kwanza. Wifi yako Jumamosi ndiyo mwisho wake hapa."

"Kafanya nini?"

"Anachapa kama anafukuzwa na nyuki. Haraka haraka haina baraka, wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Hii namba angalia. Nane ilikuwa ya mwisho, imehamia katikati. Na hii, herufi moja imemezwa, ghala likakisia."

Kobe akachukua simu ya duka, akaandika namba ileile kwa kidole kimoja, polepole, kama kawaida yake. Ikakaa sawa. Akaandika ya pili, ya tatu. Zote sawa.

"Umeona?" akasema Mzee Nati.

"Nimeona."

"Basi. Ukishaongea naye, rudi tuzungumzie yale maduka mawili yaliyobaki. Nataka na yenyewe yatumie programu yako."

Wifi alikuwa nyuma ya duka, anapanga vitabu vya vipuri kwenye rafu.

"Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kuuliza. Ukichapa, unaangalia kioo?"

"Wewe ukila, unaangalia mdomo wako?"

"Wifi, namba nne."

"Niliziandika sawa zote nne. Mikono yangu naijua."

"Kila mtu anaijua mikono yake mpaka ishikwe."

"Haya, nenda. Kaka yangu alikwenda kuoa akarudi na jiwe."

Kobe akaenda. Alifika mlangoni, akasimama. Hakusimamishwa na huruma. Zilizomsimamisha ni zile namba. Miaka tisa ya kutengeneza vioo ilikuwa imemfundisha kwamba kidole kikikosea hubonyeza jirani: ukitaka sita unapata saba. Hapa hapakuwa na jirani hata mmoja. Herufi zote zilikuwa zile zile alizotaja mteja, ila moja imeruka mahali pake au imepotea. Kidole hakikosei hivyo.

Akarudi, akamleta wifi kaunta. "Chapa nikuone."

Wifi akachapa, na namba ikatoka safi. Akachapa tena, safi.

"Unachapa kama mimi," Kobe akasema.

"Umenikodolea macho. Nimekuwa kama mtoto wa shule mbele ya ubao."

Hapo Kobe alifanya jambo ambalo fundi mwenye elimu kubwa asingelifikiria. Aliwasha simu ijirekodi kioo chake, akazunguka kaunta, akasimama upande wa wateja, akaanza kuwa mteja. Akasoma namba kutoka kwenye kitabu cha vipuri, haraka, huku analalamika. Akadai lori lake limezuia barabara. Akadai duka la jirani lina bei nzuri zaidi na watu wenye adabu zaidi.

"Nenda huko kwenye adabu, mama," wifi akamjibu, vidole vinakimbia. "Na lori lako lina sura ya mwenyewe."

"Soma nilichosema."

"Nimeshaandika, wewe bado unameza mate."

Namba ya kumi na moja ilitoka imevurugika. Wakatazama rekodi pamoja, taratibu, vichwa vimegusana. Herufi ilitokea kwenye kisanduku, ikapotea, ikarudi imekaa pengine, na kile kijistari kinachowakawaka kuonyesha mahali pa kuandika kikaruka nyuma peke yake.

Wifi akairudisha rekodi nyuma, akaitazama tena. Kobe ndiye aliyekaa chini, kwa sababu alijua ni mkono wa nani.

Jambo lenyewe ni hili. Siku hizi programu haikiamuru kisanduku kiandike hiki au kile. Fundi anaeleza tu kioo kiweje kwa hali fulani, na hali ikibadilika simu inakichora upya. Maandishi ya mtu nayo ni sehemu ya hiyo hali: anachobonyeza kinaingia kwenye hali, hali inarudi, kisanduku kinachorwa. Safari hiyo ikiwa fupi, mwandishi haioni. Lakini miezi miwili nyuma Mzee Nati alitaka kila herufi igeuzwe kubwa na namba ilinganishwe na orodha ya ghala papo hapo, na Kobe, kwa kutaka kumfurahisha, aliyapeleka maandishi yenyewe yapitie huko kwanza. Yakawa yanarudi yamechelewa, na orodha ya ghala ilivyorefuka wiki hizi mbili, yakazidi kuchelewa. Kwa kidole cha Kobe, kuchelewa huko hakukuonekana. Kwa vidole vya wifi, kisanduku kilikuwa kinachorwa kwa habari ya zamani wakati yeye ameshaongeza herufi mbili mbele. Kisanduku kimoja kilikuwa na wenyewe wawili, na mafahali wawili hawakai zizi moja.

Njia ya kujiokoa ilikuwepo, tena nzuri. Angeweza kurekebisha kimya kimya, akaenda kwa Mzee Nati na uso wa unyenyekevu: mzee, mpe wifi yangu mwezi mmoja. Makosa yangekoma. Mzee angeamini kwamba vitisho vimefanya kazi, wifi angebaki na kazi, Kobe angepata maduka mawili. Kitu pekee ambacho kingepotea ni jina la wifi, ambaye angeishi kama mtu aliyesamehewa kosa lisilo lake.

Kobe aliupima mpango huo. Si malaika. Ila kibandani alikuwa akipoteza skrubu ya mteja anamwambia palepale, kwa sababu mteja akigundua mwenyewe, huanza kudai na skrubu ambazo hazijapotea. Akapanda ngazi kwenda ofisini.

"Mzee, kosa ni langu. Zile katoni nne ni zangu."

Akamwonyesha rekodi. Mzee Nati aliitazama mara mbili, akavua miwani.

"Mwezi mzima unaniuzia kitu kibovu?"

"Miwili. Tangu ulipotaka herufi kubwa. Wewe uliomba, mimi ndiye niliyeliweka vibaya. Nitalirekebisha kwa siku mbili, hulipi kitu."

"Sijasema nitalipa."

"Na mimi nina ombi."

Mzee akacheka kwa pua. "Mwenye kosa ndiye mwenye ombi?"

"Wenzake wote kaunta wanajua unamlaumu wifi yangu. Mwambie hukohuko kwamba hakukosea."

"Na maduka mawili?"

"Hayo ni yako."

"Nimeyaondoa."

"Sawa."

Mzee alingoja aone kama Kobe atabembeleza. Hakubembeleza. Mzee Nati akashuka ngazi kwa kuchukia, akasimama kaunta, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka rafu ya mwisho kwamba namba zile zilivurugwa na programu, na kwamba Jumamosi ni siku ya kazi kama kawaida. Kisha akarudi juu bila kumtazama mtu.

Marekebisho hayakuwa marefu. Kobe aliyarudisha maandishi nyumbani kwake: anachobonyeza mtu kinabaki pale pale kwenye kisanduku, saa ileile, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukigusa. Ghala linapewa nakala, kando. Jibu lake linaonekana chini ya kisanduku kwa rangi, kijani au nyekundu, bila kusogeza herufi. Herufi kubwa zinawekwa mwishoni, wakati wa kutuma. Na simu ikiita katikati ya kazi, mtu akirudi anaikuta namba yake alipoiachia, maana na hilo lilikuwa linafutika na hakuna aliyewahi kulisema.

Aliipeleka kwa wifi asubuhi ya siku ya tatu.

"Kwa hiyo," wifi akasema, "wiki mbili watu wananitazama kama kipofu, kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Na ulijua ungekosa yale maduka ukisema."

"Nilijua."

Wifi akaichukua simu, akachapa namba nne mfululizo kutoka kichwani, akaigeuza ubavu, akairudisha, akachapa ya tano. Zote sawa.

"Sikiliza, wifi. Wewe una akili, vidole huna. Kuanzia leo usimpelekee mtu kitu kabla sijakichapa mimi. Na shukrani sipiki."

"Unataka nini?"

"Jina langu ubaoni kwako, chini ya lako."

Kobe akafikiri, kwa mwendo wake. Ubao wa kibanda ulipakwa rangi upya wiki iliyofuata, na sasa una majina mawili: la anayetengeneza, na chini yake la anayechapa kujaribu.