Mama Prezidente Ampokea Mgeni wa Mabati

Mama Joséphine-Marie anauza jibini kando ya barabara pale Mushaki, na hajawahi kumwambia mteja kwamba jibini imekwisha. Husema, "Ya leo iko njiani," hata kama ng'ombe wenyewe bado wako malishoni. Si mwongo. Ni mtu asiyeweza kusema "hatuna" mbele ya mgeni, basi. Ukibisha kwake jikoni kukiwa na majivu matupu, utaona moto unawashwa, utasikia kuku anapiga kelele kwa jirani, na baada ya muda utakula. Kuku huyo atalipwa na nani, hilo si lako.

Mtu kama huyo ndiye wazazi waliyemchagua kuwa prezidente wa komite yao, katika shule ya msingi iliyo mlimani, juu kidogo ya barabara. Serikali ilipotangaza kwamba masomo ni bure, wazazi walishangilia wakaacha kulipa, lakini walimu wengi wa shule ile hawajaingia hadi leo kwenye orodha ya mishahara. Masomo ni bure, na walimu nao wakawa bure. Wanaishi kwa maharagwe ya wazazi, na maharagwe nayo yana msimu wake. Paa ni turubai iliyochoka kuliko walimu. Watoto wanakalia mawe, kila mmoja na lake, na wanayagombania kama shamba la urithi.

Mwalimu Gaëlle wa darasa la sita, ambaye bila yeye hakuna mtoto atakayefaulu mtihani wa taifa, alikuwa amesema wazi: mwaka huu kisipopatikana kitu, anamfuata dada yake kule mji wa Mubi kuuza dukani. Mjukuu wa Mama Prezidente yuko darasa hilo hilo. Kwa hiyo iliposikika kwamba Papa Hubert, wa shirika moja la Goma linalosaidia shule, anakuja kuchagua shule ya kupewa mabati na posho ya walimu, mkurugenzi wa shule, Papa Munyakazi, alimwita Mama Prezidente pembeni.

"Mama, nakuomba. Tumuache mugeni aone shule vile iko."

"Aone nini, Papa Direkta? Aone matako ya batoto ku majiwe?"

"Njo hiyo tunataka aone!"

"Hapana. Mugeni atoke Goma, akuje kukaa ku jiwe, arudie kusema batu ya Mushaki habajue kupokea muntu? Na mimi niko muzima?"

Papa Munyakazi alikubali shingo upande. Hata mkewe hakuwahi kumshinda kwa haraka namna ile.

Siku ilipofika, akina mama walipandisha benchi za kanisa mlimani, wakiimba. Chini ya turubai walitundika vitenge kama kwenye harusi, hata matundu yake yakasahaulika. Watoto walivishwa viatu vya binamu zao, vingine vikubwa, vingine vya mguu mmoja tu wa kushoto. Mawe yalifichwa ofisini kwa mkurugenzi, mlango ukakataa kufunga, naye akashinda asubuhi nzima ameuegemea huku akitabasamu.

Papa Hubert alitazama juu, akatazama chini. Alikula jogoo, viazi na jibini. Kisha akasimama kuhutubia.

"Nimetembea shule nyingi za Masisi," alisema, "lakini shule ya kupendeza hivi sijaona!"

Makofi, vigelegele.

"Kwa hiyo manjanja ya paa na posho tutapelekea shule zenye kuwa na shida."

Makofi yaliendelea, maana yalikwisha kuanza na hakuna aliyejua pa kuyasimamisha. Mama Prezidente mwenyewe alikuwa katikati ya kigelegele alipoelewa. Mabati yamekwenda! Kigelegele kikakatika. Mwalimu Gaëlle peke yake hakuwa amepiga makofi. Alimjia karibu, akasema, "Aksanti, Mama," bila hasira yoyote, na afadhali angemtukana.

Gari la mgeni halijafika mbali, mvua ikashuka. Akina mama wakakimbiza benchi kanisani zisije zikaharibika. Joséphine-Marie alibaki mlangoni, vitenge vikianza kufura maji juu ya kichwa chake. Aliona haya, tena haya asiyoizoea, kwa sababu hii haikuletwa na umaskini. Aliileta yeye. Akafunga kitenge kiunoni, akatimua mbio kuteremka.

Gari alilikuta limeserereka mtaroni kwenye kona, na Papa Hubert kasimama kwenye tope.

"Karibu, Papa," alisema, maana mdomo ulizoea. Kisha akavuta pumzi. "Papa, nimekudanganya. Viti ni ya kanisa. Viatu ni ya kuomba. Mwalimu wetu anataka kwenda Mubi juu ya njala." Neno lilimtoka kwa shida, kama jino. "Hatuna kitu."

Papa Hubert alimtazama, akatazama gari lake, akaona halina haraka tena. Wakapanda pamoja.

Lakini wanawake wa Mushaki mnawajua. Walipoona mgeni anarudi mlimani, benchi zilizokuwa katikati ya njia ziligeuzwa. Wawili hao walipofika mlangoni, darasa lilikuwa limepangwa upya, na mmoja wao, Mama Annonciata, maji yakimchuruzika, ananyoosha kitambaa mezani. "Karibu tena, Papa!"

"Mutoshe!" Mama Prezidente alipiga kelele, akionyesha nje. "Mutoshe byote! Leo mugeni atakaa ku jiwe!"

Wenzake walimtazama wakidhani akili imeruka. Benchi zikatolewa. Vitenge vikateremshwa, na maji yote viliyokuwa vimeyabeba yakammwagikia mkurugenzi. Watoto wakakimbilia ofisini, wakarudi kila mmoja na jiwe lake, wakaketi chini ya matone. Mwalimu Gaëlle alishika chaki, akapaza sauti kuishinda mvua, akafundisha kama anavyofundisha siku zote za mvua.

Papa Hubert alitafuta pa kukaa. Watoto wakanong'onezana. Mara mstari mzima ukasimama na mawe yake, ukahamia upande unaovuja zaidi. Mjukuu wa Mama Prezidente akafuta jiwe moja kwa sketi yake.

"Ukae hapa, Papa. Hapa haivuje sana."

Joséphine-Marie alimwona mtoto yule, maji yakimpiga utosini, amempisha mgeni, na akalia mbele ya watu wote. Hakuna aliyemfundisha vile isipokuwa yeye.

Papa Hubert alikaa kwenye lile jiwe mpaka somo likaisha, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Kisha akainuka, suruali imelowa.

"Mwalimu," alisema, "usiende Mubi kwanza."

Gaëlle akawageukia watoto, akawaambia kesho waje na daftari za hesabu.