Meza Moja na Muthoni

Kule kwetu Kiritiri, miaka ya tisini, mtu akirudi kutoka Nairobi hakuulizwa ameona nini. Majumba marefu kila mtu alishayaona kwenye kalenda. Aliulizwa amekula wapi, amekula nini, na kama kilishibisha. Akina mama wa kanisani kwetu waliuliza kwa ukali kuliko askari wa barabarani. Mmoja wao aliwahi kula samaki mzima, macho na yote, katika hoteli moja ya huko, na kwa mwaka mzima hakuna mkutano wa akina mama uliofungwa bila samaki huyo kutajwa. Nashuku hata aliombewa.

Mama yangu alikuwa hajawahi kufika Nairobi. Kwa hiyo mume wangu alipotangaza kwamba ngano ikishavunwa tutampeleka kutembea siku mbili, mama hakuuliza tutalala wapi. Alituma neno moja tu, kwamba hoteli zichaguliwe vizuri. Kwetu hoteli ni mahali pa kula. Pa kulala hapakumshughulisha.

Mimi na mume wangu tuliishi Timau. Yeye ni Mmeru wa huko huko, fundi wa mashine za kuvunia ngano, mwanamume mkubwa mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Mimi ni Mmbeere wa jua kali, nikaolewa kwenye baridi, na jambo hilo sijalisamehe hadi leo. Katika miaka yote ya ndoa yetu mama hakuwahi kula mbele ya mume wangu, wala mume wangu mbele ya mama. Mkwe kwetu anaitwa muthoni, na kwa watu wa zamani heshima ya muthoni inaanzia mdomoni: mama na mume wa binti yake hawaonani wakitafuna. Tukienda Kiritiri, yeye alipewa chakula sebuleni, mama akala jikoni, na mimi nikawa wa kupita katikati na sahani, chakula changu kikipoa. Wengi walikuwa wameshaiacha desturi hiyo. Mama aliacha mengi ya zamani alipookoka, lakini hilo aling'ang'ana nalo.

Mume wangu alianza kuumia. Yeye ni mtu wa kupenda watu, na alishaamini kwamba anadharauliwa kwa kuwa ametoka Meru.

"Mama yako ananichukia?" aliniuliza.

"Anakuheshimu."

"Sasa mbona hii heshima yake inafanana na kuchukiwa?"

Ndiyo maana katika safari ile nilitaka kitu kimoja tu: niwaweke hao wawili kwenye meza moja, wale, nami niwaone wakila. Nilijiambia kwamba Nairobi hakuna anayetujua, na kwamba chakula kikiwa kitamu vya kutosha, mama atasahau.

Tulikutana naye Embu mjini, amevaa sweta mpya na viatu vya Jumapili. Hapo tukakubaliana kwamba kila mmoja atachagua hoteli moja, na wengine hawatanung'unika. Mume wangu alikuwa ameuliza madereva wa malori ya ngano, watu ambao kwa maoni yake wanaijua nchi hii kupitia tumbo. Mimi nilikuwa nimeona picha kwenye gazeti la zamani pale saluni: vitambaa vyeupe, maua mezani, glasi za miguu mirefu. Mama alikuwa amefanya utafiti wake kanisani, na hakutaka kuutoa mapema. Tulianza kunung'unika kabla hatujafika Thika.

Chaguo la mume wangu lilikuwa la kwanza, na lilikuwa nyama choma, kwani Mmeru akiachiwa kuchagua atachagua nini kingine? Mahali penyewe palijaa moshi na kelele. Alienda mwenyewe kuchagua mguu wa mbuzi ukining'inia, akaubishania, akaushika huku na huku kama anayenunua gurudumu. Nyama ilipoiva, ikaletwa juu ya mbao moja, ikakatwakatwa mbele yetu, chumvi pembeni, ugali katikati. Nilifurahi sana. Nilifikiri, hapa hakuna sahani ya kukimbia nayo jikoni.

Mama alitazama ile mbao, akasema ameshiba.

"Umeshiba nini, mama? Tangu Embu hujala kitu."

"Chai ya asubuhi ilikuwa nzito."

Mume wangu naye, asiyethubutu kutafuna mbele ya mkwe asiyekula, akakumbuka ghafla kwamba ana shida ya jino. Jino lenyewe halikuwa limesumbua tangu nimjue. Wakakaa hivyo, mmoja anaangalia dari, mwingine anaangalia mlango, na mimi, kwa hasira, nikala. Nilikula mguu wa mbuzi peke yangu mbele ya watu wazima wawili wenye njaa, mpaka mhudumu akaja kuuliza kama nyama ina kasoro.

"Nyama iko sawa," nikamwambia. "Ni hawa watu wako na kasoro."

Kilichobaki kilifungwa kwenye gazeti. Kule tulikolala, mama na mimi tulikuwa na chumba kimoja, mume wangu chake. Nikagawa ile nyama mafungu mawili, nikapeleka la kwake mlangoni. Nairobi nzima nimeifikia, na bado mimi ni wa kupita katikati.

Kesho yake mchana ikawa zamu yangu. Hoteli ya gazetini ilikuwepo kweli, na maua yalikuwepo, ila yalikuwa ya plastiki kama ya kanisani kwetu. Nilikuwa na mpango. Viti vyake vilikuwa na migongo mirefu, na nilidhani nikiwapanga vizuri kila mmoja atajisikia amefichika. Kabla sijapanga chochote, mama alienda akaketi meza ya mbali, peke yake, akauweka mkoba wake kwenye kiti cha pili kama anayemngojea chifu. Mhudumu akachanganyikiwa.

"Huyu mama mko pamoja?"

"Tuko pamoja," mume wangu akasema kwa huzuni, "lakini si sana."

Mama alikula huko vizuri tu. Aliagiza kuku kwa kuonyesha kidole, akamla, kitambaa cheupe kimemning'inia shingoni, na kila mara aliniinulia mkono kutoka mbali. Mimi nilikula na mume wangu. Supu ilikuwa tamu, lakini sikuimaliza. Nilimkasirikia mama kweli kweli. Niliona mume wangu akiminya mkate, mtu aliyeacha kazi zake siku mbili ili amfurahishe mama ambaye hata kutazamana naye hataki.

Jioni, kabla ya kurudi, ikabaki hoteli ya mama. Akatuongoza mwenyewe, akiuliza njia kwa Kiswahili chake cha Kiritiri, "Iko wapi ile ya chipsi yenye watu wanakaa kama kuku kwa kijiti?" Na watu wakamwelewa! Ilikuwa duka la chipsi kule chini ya mji, jembamba, lenye ubao mrefu wa kulia uliopigiliwa ukutani na stuli ndefu mbele yake. Hapakuwa na meza hata moja. Kila mtu alikula ameelekea ukuta. Hapo ndipo nilipoelewa utafiti wa kanisani ulikuwa wa nini. Hakutafuta chakula, alitafuta viti.

Tukapanda stuli zetu, mimi katikati. Chipsi na kuku vikaja. Nikasikia mama anatafuna kushoto, mume wangu anatafuna kulia, na moyo wangu ukapiga vigelegele. Haikuwa meza, lakini ubao ulikuwa mmoja.

Kitu ambacho akina mama wa kanisani hawakukitaja ni kwamba ule ukuta ulikuwa wa kioo cha kujitazamia, mwanzo hadi mwisho. Mume wangu aliinua macho, mfupa mdomoni, akakutana na macho ya mama yake mkwe ndani ya kioo. Alishtuka akapaliwa. Akashuka kwenye stuli, akachukua sahani yake, akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwetu, uso barabarani, na huko akaendelea kula akiinamisha kichwa kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Uvumilivu ukaniishia. "Umeona sasa? Mtu mzima anakula amesimama kwa mlango! Amekukosea nini, mama?"

Mama aliweka chipsi chini. Akasema kwa Kimbeere, polepole, bila kumwondolea macho mume wangu.

"Nyanya yako, mama yangu mimi, alikula na baba yako. Walikuwa marafiki, wakienda Gachoka sokoni wanakula sahani moja, wanacheka. Siku baba yako aliponipiga mara ya kwanza nilikimbilia kwa nyanya yako. Akamwita. Baba yako akaja, akakaa, akakunja nne, mguu juu ya mguu kama yuko kwake, akaomba chai."

Baba nilimjua mzee, mpole, wa kuchekacheka na mbuzi wake. Ya ujanani hakuna aliyewahi kuniambia.

"Huyu wako," mama akasema, "akiniona tu kwa kioo, anakimbia na sahani. Siku nitamwita, hatakunja nne. Mimi sina kitu kingine cha kukulinda nacho, mami."

Nilimwangalia mume wangu pale mlangoni, mabega yake makubwa yakizuia wateja kuingia, nikampenda mama yangu mpaka ikauma. Kisha nikamwita mhudumu, nikamwagizia mume wangu sahani ya pili, nikaomba apelekewe pale pale aliposimama.