Mama Zablon na Nyimbo za A. Kashindye

Recheli Ngassa ana kibanda cha stesheneri nyuma ya soko kuu la Tabora: kompyuta moja, mashine ya fotokopi inayogoma kila jua likiwa kali, na benchi la wateja. Anachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja na ratiba za mazishi. Hizo ratiba ndizo zilizomchokoza. Kwa miaka tisa majina kamili ya akina mama wa mji huu ameyajua wakishakufa tu. Wakiwa hai ni Mama Fulani basi. Kumuuliza mwanamke mzima jina lake ni utovu wa adabu, na Recheli amelelewa vizuri.

Wateja wakipungua, huandika makala kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, bure, hata soda hapewi. Alianza mwaka juzi baada ya kusikiliza mkutano wa mtandaoni ambamo mwanamke mmoja wa Samoa alieleza kwamba wasanii wa visiwa vyao vya Pasifiki ni wengi mno, lakini ukiwatafuta kwenye kamusi hizo huwaoni; na picha ya mkeka ikipatikana, chini yake pameandikwa msanii hajulikani. "Anajulikana," alisema yule mwanamke, "ila hamkumuuliza." Recheli alishika tama. Kwani Tabora si hivyo hivyo? Wachonga ngoma wapo, wasusi wapo, watunzi wa kwaya wamejaa tele, na mtandaoni kuna nini? Reli, njia ya misafara, na wageni waliopita hapa wakienda Ujiji. Waliopita wana kurasa, waliobaki hawana! Jambo hilo lilimkera, na mpaka leo linamkera.

Makala yake ya kumi na nne ilikuwa ya Mama Zablon wa Itetemia, mjane wa miaka sabini na moja, mkulima wa karanga, mwanakwaya wa Kanisa la Moraviani. Wimbo wake wa mavuno unaimbwa na kwaya kuanzia Puge hadi Ulyankulu. Recheli alijua ni wake kwa sababu marehemu mama yake alifundishwa wimbo huo uani kwa Mama Zablon, huku wakipukuchua mahindi.

Makala haikumaliza wiki. Mkabidhi mmoja, yaani msimamizi wa kamusi, mtu wa kujitolea kama yeye, akabandika tangazo juu yake: hakuna chanzo chochote kinachomtaja mtunzi huyu, na vyanzo visipopatikana ndani ya siku saba, makala itafutwa. Mwingine akaongeza kuwa wimbo huo, kwa anavyojua, ni wa asili. Damu ilimpanda Recheli kichwani. Mtu yuko hai, anapalilia karanga zake, halafu mnamwita asili?

Siku mbili alipekua magazeti asipate kitu. Siku ya tatu akaenda kwa Sameer, mwenye duka la vifaa vya umeme, ambaye baba yake aliwahi kuuza kanda za kwaya mji mzima. Sameer hatupi kitu. Alishusha maboksi mawili kutoka stoo, akapuliza vumbi. Kanda nne zilikuwa na wimbo wa mavuno, na kwenye makaratasi yake yote pameandikwa: Nyimbo zote zimetungwa na A. Kashindye.

"Baba alimtafuta sana huyo Bwana Kashindye ampe zawadi," Sameer alisema. "Hakuwahi kuonekana."

Recheli alirudi kibandani. Jina hilo alilifahamu; limo kwenye kitabu cha historia ya kwaya kilichoko maktaba, tena limesifiwa. Basi ama marehemu mama alikosea, ama Mama Zablon alijitwalia wimbo wa mtu. Iliuma. Lakini kuiacha makala ife bila kumwambia mwenyewe alishindwa. Kulipokucha akapanda bodaboda hadi Itetemia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna hivyo?"

Mama Zablon alikuwa uani akipepeta karanga. Recheli akamweleza yote: kanda, Kashindye, siku saba ambazo sasa zimebaki tatu.

"Samahani sana, mama. Hivi jina lako hasa ni nani?"

Ungo ukatulia. Mama Zablon alimtazama, halafu akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Asnath," alisema. "Asnath binti Kashindye. Hilo la mbele sijaitwa tangu mama yangu azikwe."

Jamani! Jina lilikuwa hapo hapo, na mji mzima, Recheli akiwamo, kwa adabu zao zote hawakuwahi kuliuliza.

Mama Zablon akasimulia. Mwalimu wa kwaya wa enzi hizo alikuwa hapokei wimbo wa mwanamke. Kwa hiyo Asnath aliandika zake kwenye karatasi, akatia A. Kashindye chini, akaziacha kwenye meza ya ofisi ya kanisa. "Jumapili mwalimu akatusimamisha tumwombee Bwana Kashindye maisha marefu. Mimi nikaitikia amina kuliko wote."

"Na Baba Zablon je?"

"Alimwonea wivu huyo bwana mpaka anakufa. Alisema nazipenda mno nyimbo zake."

Walicheka wote wawili. Lakini Recheli akaeleza kwamba maneno ya uani hayatoshi kwenye kamusi. Lazima habari hii itangazwe. Anamfahamu Xavery, mwandishi wa redio moja ya mjini yenye ukurasa wake mtandaoni. Hapo kicheko cha mama kikakatika.

"Watasema nilidanganya ndani ya nyumba ya Mungu," alisema. "Miaka yote hiyo. Niache nifikiri."

Recheli aliondoka bila jibu. Siku ya tano ikapita, akawa anachapa makosa matupu, na kila bodaboda ikisimama anachungulia.

Siku ya sita asubuhi Mama Zablon akafika mwenyewe, amevaa gauni la Jumapili, mkononi ana madaftari yenye nyimbo na tarehe zake. Akakaa kwenye benchi.

"Mwite huyo mtu wa redio," alisema. "Nikinyamaza na sasa, nitakuwa nimedanganya mara mbili."

Xavery alikuja, akalinganisha madaftari na kanda za Sameer, akarekodi. Alasiri habari ikawa mtandaoni. Recheli aliambatanisha vyanzo vyote, akabadilisha kichwa cha makala: Asnath Kashindye. Asubuhi ya siku ya saba tangazo la kufutwa lilikuwa limeondolewa. Recheli alilia kidogo, kisha akamhudumia mteja.

Jumapili akaenda kanisani Itetemia, roho juu. Ibada ilipokwisha, mwalimu wa kwaya wa sasa, Justus, mtoto wa yule mwalimu wa zamani, alisogea hadi mstari wa tatu wanakokaa soprano.

"Mama," alisema taratibu, "ule wimbo wa mavuno tunauimba sawasawa?"

"Hapana," alijibu Mama Zablon. "Ubeti wa tatu mnaukosea tangu enzi za baba yako."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningesema kama nani?"

Justus akampisha. Mama Zablon akatoka mstarini, akasimama mbele ya kwaya, akaanza kuwafundisha upya.