Mafua Niliyoyapeleka Msimbu

Mafua yaliyomlaza Shangazi Mwanaidi hospitalini niliyapeleka mimi. Ilinichukua miaka mitatu kuitamka sentensi hiyo fupi, mwanangu, mimi mwenye shahada ya chuo kikuu na maneno ya kutosha kujaza gazeti. Leo shangazi hayupo. Aliondoka kwa uzee wake, kwa utulivu, na haipiti siku bila kutamani anikaripie tena. Basi nisikilize, maana huenda nawe umefunga begi la kwenda kijijini huku unavuta kamasi.

Nakumbuka ilikuwa Ijumaa, na kesho yake binamu yangu alikuwa anaolewa kijijini kwetu Msimbu. Niliamka nyumbani kwangu Kibaha viungo vinauma, koo linawaka, mwili una homa. Mtu mwenye akili angebaki kitandani. Lakini Shangazi ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na sikuwa nimemwona tangu mfungo. Nilikuwa na hamu naye kama mtoto mdogo. Nikameza vidonge vya kushusha homa, nikajipaka poda, nikaondoka. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeandika makala gazetini nikiwalaumu watu wanaopuuza afya zao. Makala nzuri tu.

Shangazi alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona macho mekundu hivyo?"

"Vumbi. Malori ya viwanda vya Zegereni yanatumaliza."

"Na huko kukohoa?"

"Vumbi hilo hilo, Shangazi."

Aliniangalia kidogo, kisha akanikumbatia.

Kwetu, binti wa kaka akirudi nyumbani hatengewi chakula pembeni kama mgeni. Anakula sinia moja na shangazi yake, anakunywa kwenye kikombe chake, na analala naye kitanda kimoja mpaka siku ya kuondoka. Ningesema neno moja tu, "naumwa," ningetandikiwa godoro chumba kingine. Nilijua, ndiyo maana sikusema. Niliutaka ule mgongo wenye joto niliouegemea utotoni, na ile kanga yenye harufu ya moshi wa kuni. Nikalala usingizi mtamu, nikimkoholea kisogoni.

Siku nne baadaye, nikiwa nimesharudi Kibaha, Shangazi alishindwa kuinuka. Alikuwa na kisukari, na homa ya mafua ilikuwa imemshukia mapafuni. Akalazwa siku tisa, akipumua kwa msaada wa oksijeni. Ndugu walipoulizana ugonjwa umetoka wapi, mimi nilikuwa wa kwanza kujibu: "Ni wageni wa harusi, wale waliotoka upande wa bwana harusi." Wakwe wa watu! Walibeba lawama hiyo na hawakujitetea, kwa kuwa walikuwa na adabu kuliko mimi.

Alipona, lakini hakuwa yule tena. Mwanamke aliyekuwa akilima shamba lake la mihogo peke yake akawa anapumzika mara mbili kati ya mlango na jiko.

Mwaka uliofuata muuguzi mmoja mjini alinieleza kwamba homa ya mafua ina chanjo, na kwamba mtu wa umri wa Shangazi, tena mwenye kisukari, ndiye hasa anayeihitaji. Mimi nikachanjwa siku ile ile. Nikampigia Shangazi kwa furaha.

"Chanjo ya nini?" akasema. "Mafua yale si yaliletwa na wageni wa harusi? Wewe mwenyewe ulisema. Basi mimi harusini siendi tena."

Na kweli hakwenda. Shangazi yangu, ambaye akisikia ngoma huacha chungu motoni, akawa anabaki ndani huku wenzake wakipita na vigelegele. Kila nilipombembeleza achanjwe, alinirudishia maneno yangu. Kila mara nikaishia kuzungumzia mvua.

Kabla sijafika mwisho, mwanangu, nikuachie ninalotaka ulishike. Ukiwa na homa na kikohozi, usiende kwa mtu unayempenda. Piga simu useme unaumwa, hata kama chakula kimeshapikwa. Wazee, wajawazito, watoto wachanga, wenye kisukari na pumu, hao ugonjwa unaokulaza wewe siku tatu unaweza kuwaua. Kama huna budi kuwepo, vaa barakoa, nawa mikono, kaa mbali kidogo. Na ulizie chanjo mapema. Haipo kila zahanati, inahitaji kama wiki mbili kufanya kazi mwilini, na hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi vyenyewe hubadilika. Haikingi kila mafua, lakini hupunguza sana hatari ya kulazwa. Na ukishakosea, sema. Mimi kukaa kimya kulimnyima Shangazi kinga, na kukamnyima ngoma.

Mwaka wa tatu, asubuhi ya Jumapili, nilipiga simu nikiwa nimesimama jikoni, maana nikikaa ningeghairi.

"Shangazi, hawakuwa wageni wa harusi. Nilikuwa mimi. Nilikuja naumwa, na nilijua."

Nikawasikia kuku wake.

"Zuhura."

"Abee, Shangazi."

"Nimekulea mimi. Unadhani sikuijua homa yako? Nilikushika pale mlangoni unawaka kama jiko."

"Sasa mbona ulinilaza kwako?"

"Nilikuwa na hamu na wewe. Miezi mitano hujaja. Ningekufukuzaje?"

Nikalia. Akaniacha nilie, halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Miaka mitatu nakungoja. Nikikataa sindano, najisemea, ngoja, huyu atasema tu. Una kiburi kama marehemu baba yako."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nilikusamehe nikiwa hukohuko hospitali. Njoo Jumatano unichukue, twende kwenye hiyo sindano yako. Jirani anamwoza bintiye mwezi ujao, nami nataka kucheza. Na wale wakwe uwapigie mwenyewe uwaombe radhi, usinitume mimi."

"Nitawapigia leo."

"Haya. Mungu akupe afya, mwanangu, akujalie na watoto watakaokwambia ukweli mapema kuliko ulivyoniambia mimi."