Kitabu Kwenye Gunia la Mpunga

Ngoja nijicheke mwenyewe kwanza, halafu mcheke nyie. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kibiti, na wivu umeniumbua mbele ya wazazi.

Mwalimu mwenzangu, Zuhura, alipelekwa Dar kwenye mafunzo ya usalama wa fueli ya nyuklia. Akarudi na kitabu kinene cha mwongozo, na mkuu wa shule akamwomba awaeleze wazazi siku ya kikao. Mimi niliyemtangulia kazini nikaambiwa nipange viti! Roho ikaniuma. Nikakichukua kile kitabu mezani kwake, nikakipekua, kisha nikakifukia nyumbani kwenye gunia la mpunga. Tuone ataeleza nini.

Siku ya kikao Zuhura akaja na jiko la mkaa. Akatawanya makaa, yakafifia, akayakusanya, yakawaka. "Fueli hii nayo hairundikwi ovyo," akasema. Wazazi wakapiga makofi, mimi nikasaga meno.

Mzee mmoja kutoka Mbuchi akauliza, "Sasa mwanangu, ukiimwagia maji si itazima kama mkaa?"

Zuhura akasita. "Hilo silikumbuki vizuri, baba, na kitabu changu kimepotea."

Hapo nikaruka kama niliyekanyaga kaa la moto. "Haizimi! Maji yanaweza kuichochea zaidi! Kitabu kinasema hivyo, tena mstari wenyewe umepigiwa kalamu nyekundu!"

Zuhura akanitazama, akatabasamu.

"Kalamu hiyo ni yangu, kaka. Kitabu nikifuate kwako, au utaniletea?"